Mwendo wa Miguu na Mwendo wa Damu

Mwaka niliorejea kukimbia, baada ya muda mrefu wa kukaa kitako, nilipima damu mara mbili katika majuma matatu: mara ya kwanza kabla ya kuanza, na mara ya pili nilipokuwa nimekwisha kuzoea kupanda barabara ya Mweka alfajiri na kurudi mjini kabla jua halijawa kali. Kipimo cha kwanza kilionyesha gramu 14.6 za himoglobini katika desilita moja ya damu. Cha pili kilionyesha 13.8. Jirani yangu, mzee mwenye maarifa mengi na subira haba, aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa akasema, "Mwanangu, nilikwambia, mbio hukausha damu ya mtu mzima," na akaongeza kuwa lau ningalikaa barazani nikanywa kahawa pamoja na watu wa rika langu, damu yangu ingalibaki mahali pake. Siku ile sikuwa na jibu. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu jibu lipo, na kwa sababu wengi hapa Moshi, kwa kutolijua, huacha mazoezi yaliyokuwa yakiwafaa, au hununua vidonge wasivyovihitaji, au huusifu mlima wetu kwa sifa ambazo, kwa haki, si zake.

Mtu mzima wa kimo cha kadiri ana damu ya lita 5 hivi. Zaidi kidogo ya nusu yake ni maji yenye chumvi, protini na vyakula vilivyoyeyuka, ambayo matabibu huyaita plazma. Sehemu iliyobaki, karibu asilimia 45 kwa mwanamume na pungufu kidogo kwa mwanamke, ni chembe, na takriban zote ni zile nyekundu zinazobeba oksijeni kwa himoglobini iliyomo ndani yake. Chembe nyekundu huumbwa katika uboho wa mifupa kwa amri ya homoni itokayo katika figo, iitwayo erithropoietini. Huingia mishipani, huzunguka muda wa siku 120 hivi, kisha huzeeka na kuvunjwa, na chuma chake hurudishwa ghalani kikatumiwe tena. Maji ya damu hayana umri wa namna hiyo, bali huongezeka na kupungua kwa saa na kwa siku, kwa jasho, kwa kiu, kwa joto, kwa kupanda mahali pa juu na kwa mazoezi. Basi maji hujibu kesho yake, na chembe hujibu baada ya majuma na miezi, ilhali kipimo cha zahanati hakihesabu kimoja wala kingine peke yake, bali hupima uwiano wa viwili hivyo.

Chukua mfano wa uji wa ulezi. Ukiuongezea maji sufuriani uji huwa mwepesi, lakini unga haukupungua hata punje moja. Hesabu yangu mwenyewe ilikuwa hivyo hivyo: gramu 14.6 katika kila desilita ya lita 5 ni jumla ya gramu 730 za himoglobini mwilini; mazoezi ya majuma matatu yalipoongeza maji ya damu kwa mililita 300, kiasi ambacho ni cha kawaida kabisa, gramu zilezile 730 zilienea katika lita 5.3, na kipimo kikashuka hadi 13.8 bila chembe moja kupotea. Damu iliyokuwa nyingi zaidi na nyepesi zaidi, ambayo moyo huisukuma kwa wepesi na ambayo ina maji ya akiba ya kutolea jasho, ilisomeka karatasini kama damu iliyopungua. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamume ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 13, na mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12. Kwa hiyo mkimbiaji anayeshuka kidogo lakini akabaki juu ya mipaka hiyo, naye ana nguvu na usingizi mzuri, hana sababu ya kufadhaika.

Sasa tuje kwenye aina za mwendo. Wa kwanza, ulio msingi wa mingine yote, ni ule mrefu wa taratibu. Unatoka nyumbani mapema, unashika njia ya udongo ipitayo kando ya msitu wa Rau, au unapanda polepole kuelekea Uru kati ya migomba na mibuni, na unakwenda kwa dakika 40, 60 au 90 kwa kasi ambayo, ukikutana na mtu wa kukusalimu, waweza kumwitikia salamu nzima, pamoja na habari za nyumbani, za watoto na za shamba, bila kukatika pumzi. Ukijiona unaitikia kwa kichwa tu, fahamu kuwa umekwisha kutoka katika mwendo huu na kuingia katika mwingine, na upunguze kasi pasipo kuona haya, hata kama aliyekupita ni mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani akiwahi soko la Kiboriloni. (Mama yule, kwa hakika, amekuwa akifanya mazoezi ya pumzi tangu usichana wake bila kuyapa jina.)

Kwa damu, mwendo huu hufanya kazi zake kimyakimya. Misuli inayojongea hunyonya sukari iliyomo katika damu hata pale ambapo mwili umeanza kuwa mzito kuitii insulini, na athari hiyo hudumu kwa siku moja au mbili baada ya kuvua viatu. Ndiyo maana mtu mwenye sukari ya kupanda hufaidika zaidi akitembea upesi au kukimbia kidogo mara nne au tano kwa juma kuliko akijitesa siku ya Jumamosi peke yake. Mafuta ya damu hupungua. Lehemu ile iitwayo njema hupanda kidogo, ingawa si kwa haraka wala si kwa kiasi kile ambacho watangazaji wa dawa na vyakula hupenda kuahidi. Shinikizo la damu hushuka kwa saa kadhaa baada ya kila safari, na safari zikifuatana kwa miezi, mshuko huo huelekea kuwa tabia. Zaidi ya hayo, mishipa midogo mno huchipua kuzunguka nyuzi za misuli, hata damu ileile, yenye himoglobini ileile, ikawa na milango mingi zaidi ya kukabidhi mzigo wake, na hili hutaliona katika karatasi yoyote ya maabara, walakini utalihisi kilimani.

Mwendo wa pili ni wa vipindi: unakwenda kwa nguvu kwa dakika chache, unapumzika, unarudia. Kwa mkimbiaji wa hapa namna rahisi ni kutafuta kilima kisicho na magari mengi, kupanda kwa dakika 4 kwa juhudi ambayo inakuruhusu kusema neno moja au mawili tu, kushuka ukitembea kwa dakika 3, na kufanya hivyo mara 4. Wakati wa juhudi hiyo shinikizo ndani ya mishipa hupanda na maji ya damu hupenya kwenda katika misuli, hata damu ikawa nzito kwa muda. Mwenye kupimwa saa ile ataonekana ana damu nyingi ajabu, naye hana ziada yoyote ila amepungukiwa maji. Baadaye mambo hugeuka: figo huzuia chumvi, protini ya albumini huongezeka katika plazma na kuvuta maji nyuma yake, na kufikia siku ya pili maji ya damu yaweza kuwa yamezidi kiasi cha awali kwa sehemu moja ya kumi. Hakuna mwendo uwezao kujaza mishipa kwa upesi kama huu. Moyo unaopokea damu nyingi hutanuka vizuri zaidi na kusukuma nyingi zaidi kwa pigo moja, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mtu kujiona mwepesi baada ya majuma mawili tu, muda ambao chembe nyekundu mpya hazijawahi kuwa nyingi.

Lakini kila chenye makali hukata pande zote. Baada ya vipindi vikali ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hupanda saa 3 hadi 6 baada ya zoezi na kuufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Mtu anayefanya vipindi kila siku, akala mlo wake mkuu saa zile zile za kufungwa mlango, hujinyima chuma bila kujua. Chembe nyeupe nazo huongezeka katika damu kwa saa kadhaa, hata tabibu asiyeambiwa kuwa umetoka kukimbia akadhani una maambukizi. Na damu ya mtu aliyekaza mwendo huelekea kuganda kwa upesi kidogo, jambo lisilo na dhara kwa kijana mzima, bali ni sababu ya kumtaka mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajazoea, au mwenye shinikizo, kisukari au maumivu ya kifua, amwone tabibu kabla ya kuvigusa vipindi. Mara moja kwa juma hutosha kwa anayeanza, mara mbili kwa aliyekwisha kuzoea. Sijaona aliyefaidika na mara nne.

Kati ya miendo hiyo miwili upo ule wa kasi ya wastani unaodumu dakika 20 hadi 40, ambao hufundisha mwili kuiondoa asidi ya laktiki katika damu kwa kasi ileile inayozalishwa. Una manufaa yake kwa mwenye kujiandaa na mashindano. Kwa mtafuta afya, walakini, huchosha kuliko unavyolipa, na aghalabu ndio mwendo ambao watu huufanya kila siku bila kukusudia, kwa kuwa ni mwepesi mno kuwa vipindi na mzito mno kuwa taratibu.

Yafaa pia kuzingatia kile kinachogonga ardhi. Mwaka 1881 tabibu wa Kijerumani aliyeitwa Fleischer aliandika habari za askari ambaye baada ya kuandamana kwa miguu mwendo mrefu alitoa mkojo mwekundu mweusi. Ilikuja kufahamika kuwa unyayo unapoigonga barabara huzivunja baadhi ya chembe nyekundu zinazopita chini ya kisigino, na himoglobini yake humwagika. Kwa wakimbiaji wengi kiasi kinachovunjika ni kidogo, na chembe zinazovunjika aghalabu ni za zamani, hata wengine husema kuwa ni kama kupogoa mbuni. Hata hivyo mwenye kukimbia kilomita nyingi juu ya lami, kwa viatu vilivyokwisha nyayo, huongeza hasara pasipo haja. Chagua njia ya udongo pale inapopatikana, nazo hapa hazikosekani. Na siku moja katika juma badili miguu kwa baiskeli, ambayo haigongi chini na huleta karibu faida zote za maji ya damu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au mweusi zaidi baada ya mazoezi mazito, usingoje upoe wenyewe: nenda hospitali siku ileile, kwani huenda ikawa ni misuli iliyovunjika, na mabaki yake huziba figo.

Habari ya chuma yataka kusemwa kwa marefu, maana hapa jiko linashinda duka la dawa. Uboho ukiamriwa kuumba chembe bila kupewa chuma ni kama fundi aliyeletewa ramani ya nyumba pasipo matofali. Mwanamke mwenye kupata hedhi anahitaji miligramu 18 hivi za chuma kwa siku katika chakula chake, na mwanamume 8; kwa sababu hiyo, msichana anayekimbia sana ndiye wa kwanza kuishiwa. Watu wa Kilimanjaro walilijua jambo hili kabla ya maabara kujengwa: kisusio, ile supu ya mbuzi inayotiwa damu yake, ni miongoni mwa vyakula vyenye chuma kinachonyonywa kwa urahisi kuliko vyote, kwa kuwa ni chuma kilichokwisha kuwa ndani ya himoglobini. Iwe imepikwa ikaiva, na mnyama awe amekaguliwa. Maini na nyama nyekundu hufuata, kisha dagaa. Halafu huja maharage, ulezi, mchicha na mnafu, ambavyo chuma chake ni kigumu kunyonywa na huhitaji msaidizi, naye ni vitamini C ya limau, chungwa, papai au pera kuliwa katika mlo uleule.

Hapa sharti nilitaje jambo litakalowaudhi wengine: ndizi, pamoja na sifa zake zote, ina chuma kidogo. Mtori hukujenga damu kwa nyama iliyomo, wala si kwa ndizi. Juisi ya rozela husaidia kwa vitamini iliyomo kuliko kwa wekundu wake. Na kiazi chekundu kiitwacho bitiruti, ambacho watu hukinunua kwa kuwa rangi yake inafanana na damu, hakina chuma cha kukifanya dawa, ingawa naitreti zake hutanua mishipa na kumsaidia mkimbiaji kwa njia nyingine kabisa. Kuhusu chai na kahawa, nasema kwa huzuni ya mtu aliyekulia palipo na mibuni: zikinywewa pamoja na chakula, huzuia sehemu kubwa ya chuma cha mboga na nafaka. Sikwambii uziache. Ziweke saa moja au zaidi mbali na mlo, na kahawa ya barazani itakuwa halali kwa damu yako kama ilivyo halali kwa moyo wako. Vidonge vya chuma navyo visimezwe kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi mwilini hakina njia ya kutoka na hudhuru ini; pima kwanza akiba yake kwa kipimo cha feritini, kisha tabibu aamue.

Sasa mlima. Tangu Naftali Temu na Kipchoge Keino wa Kenya, na Mamo Wolde wa Uhabeshi, waliposhinda katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, katika mji ulio mita 2,240 juu ya bahari, dunia imeamini kuwa mtu wa milimani ana damu ya pekee. Na John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ile akichechemea kwa goti lililofungwa bendeji, ametufundisha kuwa kuzaliwa milimani peke yake hakumlindi mtu na kila mkasa. Ukweli wa damu ni huu. Figo zikipata oksijeni haba hutoa erithropoietini kwa wingi zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo. Uboho huanza kazi. Lakini ongezeko la kweli la chembe nyekundu huhitaji kukaa usiku na mchana, kwa majuma matatu au zaidi, mahali palipo mita 2,000 na kuendelea. Mwaka 1997 Benjamin Levine na James Stray-Gundersen wa Marekani walionyesha kuwa wakimbiaji waliolala kwenye mita 2,500 na kufanya mazoezi makali kwenye mita 1,250 kwa majuma manne walizidisha chembe nyekundu na kupunguza muda wao wa mbio, kwa sababu usingizi wa juu uliijenga damu, na hewa nzito ya chini iliwaruhusu kukimbia kwa kasi yao kamili.

Pima basi mji wetu kwa mizani hiyo. Moshi ipo kati ya mita 800 na 900 tu, na kwa damu haina tofauti kubwa na Dar es Salaam, japokuwa mgeni atokaye pwani huapa kuwa kifua chake kimebanwa. Kilichombana ni vilima. Vijiji vya juu vya Marangu na Machame hukomea karibu na mita 1,800, palipo mpaka wa msitu, navyo huigusa figo kidogo. Kituo cha Mandara, kilichoko mita 2,700, kingalifaa sana, ila ni ndani ya hifadhi na si mahali pa mtu kupanga chumba. Iten ya Kenya, kwa kulinganisha, ni mji mzima wenye nyumba, soko na shule kwenye mita 2,400 hivi. Kwa hiyo mlima wetu, ambao ni mrefu kuliko yote Afrika, humpa mkimbiaji miinuko isiyo na kifani na kimo kisichotosha, na mwenye kutaka chembe za kimo itampasa kusafiri.

Na yule apandaye hadi kileleni kwa siku 6, je? Kwenye mita 5,895 mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na mwili hujibu kwa haraka: mtu huhema, huenda haja ndogo mara kwa mara, na maji ya damu hupungua kwa siku moja au mbili, hata himoglobini kwa kipimo ikapanda. Ashukapo akapimwa, huambiwa ana damu nyingi, naye hujisifu. Lakini ni uji uleule uliochemshwa ukakauka. Baada ya siku chache za kunywa na kula Moshi, kipimo hurudi kilipokuwa, na zile chembe changa zilizoanza kuumbwa ni chache mno kuonekana. Mwaka 2014 Karl Egloff alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa muda wa chini ya saa 7, lakini alikuwa amelelewa na milima ya Ekwado, nayo si safari ya kuigwa na mtu aliyetoka kazini Ijumaa. Neno la wapagazi na waongoza watalii, pole pole, si adabu ya kuwaliwaza wageni tu: ni muda ambao pumzi na maji ya damu huuhitaji ili kujipanga, kwani chembe haziwezi kuwahi.

Wapo ambao kwao tahadhari si hiari. Mwenye selimundu asipande juu wala asifanye vipindi bila tabibu wake. Na hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, ajue hali yake, anywe maji ya kutosha, aongeze mazoezi hatua kwa hatua na asimame mara aonapo misuli inakaza kuliko desturi. Malaria nayo huzivunja chembe nyekundu, na nchi ya chini kwenye majaruba ya mpunga ina malaria zaidi kuliko vijiji vya juu. Aliyeugua, hata akipona homa kwa siku tatu, damu yake huhitaji majuma kadhaa, na arudi kwa mwendo wa taratibu pekee.

Ukiwa na nia ya Kilimanjaro Marathoni, ambayo tangu mwaka 2003 hukimbiwa kuanzia uwanja wa Ushirika kuelekea mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi, hesabu kurudi nyuma kwa umri wa chembe moja, yaani miezi minne, uanze mwishoni mwa Oktoba. Novemba yote iwe ya mwendo mrefu wa taratibu, na ndio wakati wa kupima feritini, ili kama ghala ni tupu upate muda wa kulijaza. Desemba ongeza vipindi mara moja kwa juma; Januari, ikiwa hujachoka, mara mbili, na moja kati ya hizo iwe kwenye mwinuko wa Mweka, kwa kuwa nusu marathoni itakupandisha huko upende usipende. Joto la Januari na Februari usilikimbie lote: saa moja ya mwendo mwepesi katika jua la kadiri, kwa siku 8 hadi 10, huongeza maji ya damu kama vipindi, na ni faida ambayo mkimbiaji wa nchi baridi huinunua kwa fedha. Lakini kunywa kwa kiu, tena penye jasho jingi pawe na chumvi kidogo, kwani anayejimiminia maji matupu kwa saa nyingi huzimua sodiamu ya damu yake, na huko nako kuna hatari ya kuzirai na hata kufa. Majuma mawili ya mwisho punguza safari ziwe nusu, nguvu ibaki ileile.

Damu ya kupima itolewe asubuhi, umelala vizuri, umekunywa maji, umepita angalau siku mbili bila zoezi kali, na kila mara katika maabara moja, iwe Mawenzi, KCMC au kituo kilicho karibu nawe. Mwambie mpimaji kuwa wewe ni mkimbiaji na kama umeshuka mlimani juma lile. Usipime katika siku za kwanza baada ya marathoni, kwa maana chembe nyeupe, vimeng'enya vya misuli na hata vya ini vitakuwa vimepanda, na utapewa ugonjwa usio nao. Mimi nilipima mara ya tatu mwezi wa nne wa mazoezi nikapata 14.4, na mzee wangu wa barazani aliposikia alisema ni kahawa yake niliyokuwa nikiinywa Jumapili.

Bado kuna swali la kutoa damu, ambalo wakimbiaji huniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba kulikataa ni dhambi. Chupa moja huchukua mililita 450 hivi. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, lakini chembe zake huchukua majuma 4 hadi 8, na chuma muda mrefu zaidi. Usitoe basi kati ya Desemba na siku ya mbio. Toa wiki mbili tatu baada ya kumaliza, mvua za masika zinapoanza na barabara ya Mweka inapokuwa telezi. Mwanamume huruhusiwa tena baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya 4, kwa hiyo atakayetoa mwishoni mwa Machi ana nafasi ya kurudia Julai, na mnamo Oktoba, atakapofunga tena kamba za viatu, mishipa yake itakuwa imekwisha kujaa.